SOMO: Namna ya kupata watoa mada wa semina kwenye maonyesho ya utalii, usiishie kusomewa hotuba na mwakilishi

Wakuu habari zenu. Wengi mmeniuliza inboksi kuhusu hizi semina za pembeni kwenye maonyesho ya utalii, zile za dakika 40 wakati mabanda yanaendelea nje, nani unamwita na unamwitaje. Nimeifanya hii kazi Arusha miaka kadhaa na nimeaibika vya kutosha, ngoja niwape nilichonacho.

1. Anza na kalenda. Hapa ndo wengi tunapokosea. Maonyesho ya Karibu-Kilifair yanakuwa mwanzoni mwa Juni, yale ya S!TE ya Dar na Magical Kenya ya Nairobi huwa Oktoba. Sasa Juni ndo hai sizoni, msimu wa wageni wengi, inafunguka, yule mwongoza watalii aliyekaa Serengeti miaka 20 na ana kitu cha kusema hayupo mjini, yuko porini na wageni, na nyumbu wakianza kuvuka mto Mara ndo humpati kabisa. Ukimtafuta mwisho wa Mei atakwambia "ningekuja mdogo wangu ila nina safari". Mtafute masika. Mvua inanyesha, kambi nyingi zimefungwa, mtu yuko gereji anabadilisha bushi za Land Cruiser, hapo ana muda wa kukusikiliza. Na akikubali usishangilie bado, mwombe amwambie mtu wa operesheni ofisini kwao aandike ile siku kwenye ubao wa safari, maana mtu anaweza kukubali kwa moyo wote halafu ubao ukampeleka Tarangire.

2. Tafuta swali kabla ya mtu. Mada za "Mustakabali wa Utalii Endelevu" zifute, hakuna mtu ataacha banda lake akasikilize hiyo. Chukua swali linalomnyima usingizi mwenye kampuni. Mfano ile bima ya lazima kwa wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar, ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024: wewe unayeuza safari na ufukwe, unaiweka ndani ya kwotesheni au unamwachia mgeni alipe mwenyewe? Sasa jiulize nani anaijibu hii kila siku. Sio mwenyekiti wa chama. Ni dada wa rizavesheni, anayepokea oda za safari ofisini, yule anayebishana na mawakala kwenye imeili mpaka saa 3 usiku. Huyo ndo mtoa mada wako, na nakuhakikishia hajawahi kuitwa popote.

3. Msikilize kabla hujamwalika. Mpigie, mwambie "hebu nieleze hilo jambo kama mimi ni mgeni kazini". Dakika tano zinatosha. Mwaka mmoja nilimchukua mtu kwa kusoma tu wasifu wake, ulikuwa kurasa nne, akaja na slaidi 60 akazisoma zote neno kwa neno, mpaka anamaliza ukumbini tumebaki wanne, mmoja wao fundi wa spika.

4. Wakubwa. Ukimwandikia mkurugenzi barua ya kutoa mada, atakubali, halafu siku yenyewe analetwa mwakilishi na hotuba iliyochapwa ambayo hata yeye anaiona mara ya kwanza. Usigombane na hilo, lipange. Mkubwa mpe ufunguzi, dakika kumi, mgeni rasmi, apigwe picha. Kwenye barua hiyohiyo omba afisa anayeishughulikia mada yenyewe kwa mikono yake, mfano yule wa leseni, na uombe namba yake ya simu.

5. Ujumbe wenyewe. Mimi naandika hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Ijumaa ya maonyesho, saa 4 kamili mpaka saa 4:40 asubuhi, naomba uje utueleze kwa nini mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho siku 8 ana nafasi kubwa ya kufika kileleni kuliko wa njia ya Marangu siku 5. Watakuwepo watu kama 50, wengi wauzaji wa ofisini ambao hawajawahi kupanda. Usafiri na chakula juu yetu, posho ni laki na nusu. Hutatakiwa kuitangaza kampuni. Naomba jibu kabla ya Jumatano."

Ona kila kitu kipo, saa, watu, hela. Hela usiifiche ukadhani ni adabu, mtu anaona aibu kuuliza halafu anakupotezea.

6. Wadhamini. Aliyetoa hela atataka jukwaa. Mpe bango na banda zuri. Aking'ang'ania sana mwambie amlete mteja wake aeleze anavyotumia hiyo bidhaa, afisa mauzo akae chini.

Siku moja kabla piga simu, sio meseji. Karibuni maswali.

MASWALI

Karatu: Mkuu, mtoa mada wetu anataka dola 500, tumpe?
Jibu: Kama ni mtu wa kujaza ukumbi na bajeti ipo, mpe. Ila mkubaliane mapema kuhusu kodi ya zuio, mkazi 5% na asiye mkazi 15%, usije ukamkata siku ya malipo mkaharibiana urafiki.

Moshi: Tukitaka mtu wa nje, viza inakuaje?
Jibu: Waulize Uhamiaji kwanza ni aina gani ya viza inamfaa mtu anayekuja kutoa mada, kabla hajakata tiketi. Ila ushauri wangu, angalia nani yupo tayari nchini. Mawakala wa nje wengi wanaoalikwa kwenye maonyesho wanatembezwa hifadhini kabla au baada, mmoja wao anaweza kukupa saa moja bila wewe kulipa ndege.

Nungwi: Kijana wetu anajua kazi balaa ila kizungu kinampiga chenga, anaogopa jukwaa.
Jibu: Aongee Kiswahili, mtafute wa kutafsiri kwa wageni. Na usimpe jukwaa peke yake, kaa naye muulize maswali. Kuna mpagazi tulimwita, tukampa mizani ya kuning'iniza na begi la dada mmoja kati ya wauzaji waliokuwepo. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20. Akalinyanyua, mshale ukaenda 26, akamgeukia yule dada akamuuliza taratibu, "hizo sita nani anazibeba?" Ukumbi kimya. Alikuwa hajaandaa hata slaidi moja.

Dar: Na asipotokea kabisa?
Jibu: MC awe na maswali matatu ya ile mada mfukoni, anawarushia waliokaa mbele. Nimeshafanya mara mbili, mara moja watu waliomba tuongeze muda.