Maji ya matone kwa ndege wa uani: kutumia dumu na mpira wa dripu

Watu wengi wakitaka ndege waje uani huanza kwa kumwaga mchele na makombo. Kwa sisi wa Dar es Salaam, sishauri hata kidogo. Makombo humwita kwanza kunguru wa India, yule aliyeingizwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa amejaa miji ya pwani. Akishauzoea uwanja wako, mayai na makinda ya ndege wengine hayana usalama.

Weka maji. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba na tena Januari na Februari, ndege wanaokula mbegu kama tetere na mnana hawana budi kuyatafuta, kwa kuwa chakula chao ni kikavu. Na maji yanayodondoka huwaita zaidi kuliko yaliyotulia: tone likianguka hutoa sauti na kuchezesha mwanga, na ndege anayepita juu ya mwembe anajua papo hapo kuna nini chini.

Naandika baada ya kumsaidia jirani yangu huku Goba kuweka yake. Sehemu ya dripu ndiyo iliyotusumbua, kwa hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Sahani

Tumia sahani pana ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua. Upana wa sentimita 40 unatosha. Kina kisizidi sentimita 5 katikati, na pembeni kiwe sentimita 1 au 2 tu. Beseni la plastiki silipendi: linateleza, na ndege asiyeweza kusimama imara haogi. Kama huna kingine, tandika kokoto bapa ndani yake. Hata kwenye sahani ya udongo weka mawe mawili matatu yatokeze juu ya maji, nyuki wapate pa kutua wasizame.

Hatua ya 2: Mahali

Iwe juu ya kigingi au matofali, kimo cha mita moja, hatua tatu nne kutoka kwenye kichaka. Ikiwa karibu zaidi ya hapo, paka atajificha kichakani na kuvizia. Ikiwa mbali zaidi, ndege hana pa kukimbilia mwewe akitokea. Ukishachagua, usihamishe.

Hatua ya 3: Dripu

Unahitaji dumu safi la lita 10 lililokuwa na maji (si la mafuta ya kula, harufu na utelezi haviishi) na seti mpya ya dripu kutoka duka la dawa. Nasisitiza mpya, ndani ya pakiti yake. Usichukue iliyokwisha kutumika hospitalini, hata ukipewa bure. Sindano ikiwemo, irudishe dukani wakusaidie kuitupa.

Kuna wanaotoboa kifuniko na kulining'iniza dumu kichwa chini. Mimi sikubaliani na njia hiyo, kwa sababu maji huvuja kwenye nyuzi za kifuniko. Lisimamishe wima, utoboe ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Hapo mchanga unaotulia chini hautaingia kwenye mpira. Pasha msumari moto, toboa tundu dogo kidogo kuliko ile ncha ya plastiki ya dripu, halafu sukuma ncha ndani plastiki ikiwa bado vuguvugu. Itabana yenyewe. Tundu likizidi, hakuna gundi itakayokuokoa. Tafuta dumu jingine.

Sasa hewa. Jirani yangu alinipigia simu mara nyingi na neno lilikuwa lile lile: "Mwalimu, yamekata tena." Dumu lilikuwa limefungwa kifuniko kwa nguvu, likawa linajikunja mbavu taratibu huku matone yakipungua hadi kukoma. Maji yakitoka lazima hewa iingie nafasi yake. Toboa tundu dogo juu, karibu na mkono wa dumu. Kisha funika tundu hilo kwa kipande cha chandarua ukikaze kwa mpira wa kufungia pesa, la sivyo mbu atapita hapo na utakuwa umefuga mazalia ya lita 10 juu ya mti.

Maji yakikata na hewa ipo, kagua kwa mpangilio huu:

Kwanza, kile kichupa laini kinachoonyesha matone. Kibinye mpaka kijae nusu. Kikijaa chote huwezi kuona tone wala kuhesabu. Kikiwa kitupu, hewa inashuka kwenye mpira na kukata mfululizo wa maji. Kama seti yako ina kijifuniko cha hewa pembeni ya ncha, kifunge, kwa kuwa dumu lina tundu lake.

Pili, kichujio chini ya kichupa hicho. Ni chembamba sana, na maji yenye tope hukiziba mara moja. Chuja maji kwa kitambaa cheupe kabla ya kuyamimina. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya ukanda wetu, huacha ukoko mweupe kwenye ncha ya mpira, kwa hiyo tumia ya bomba au ya mvua ukiweza.

Tatu, kigurudumu cha kurekebishia, na hiki ndicho kinachowachosha watu. Unaweka tone moja kwa sekunde asubuhi, mchana unakuta yamepungua, ingawa hakuna aliyegusa. Mpira uliobanwa sehemu moja hulegea na kubadilika umbo, hasa jua likiupasha. Sogeza kigurudumu sentimita chache juu au chini, kibane mpira mahali papya, urekebishe tena. Baada ya nusu saa rudi uhesabu. Mara nyingi marekebisho ya pili ndiyo yanayokaa.

Nne, kimo. Dumu likiwa juu kidogo tu ya sahani, matone hupungua kadiri maji yanavyoshuka ndani yake. Lifunge kwenye tawi mita moja na nusu juu ya sahani, na tofauti hiyo haitasumbua. Funga kwa kamba nene: likijaa lina uzito wa kilo 10.

Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita. Tone moja kwa sekunde ni kama lita 4 na robo kwa siku nzima, kwa hiyo lita 10 zinafika siku mbili na zaidi. Ukifunga usiku zinafika siku nne. Kata ncha ya mpira na uifunge sentimita 20 au 30 juu ya maji. Ukitaka chozi (wale ndege wadogo wanaonyonya maua kwa mdomo mrefu uliopinda) waje, elekeza matone yapite kwanza kwenye majani. Chozi hupenda kuogea kwenye majani yaliyolowa kuliko kuingia majini.

Hatua ya 4: Kusugua

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu aenezaye dengi hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Dengi imelipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyu huuma mchana. Kila baada ya siku mbili mwaga yote, sugua ukingo kwa brashi ngumu, suuza, jaza. Bila sabuni.

Hatua ya 5: Kukaa na kutazama

Saa moja hadi tatu asubuhi, na saa kumi jioni, ndizo nyakati zake. Mara nyingi wa kwanza kujiamini ni shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Akishaoga, wengine hufuata. Tazama wanavyokunywa: shore huchota kidogo, akainua kichwa ili maji yashuke. Tetere huzamisha mdomo na kunyonya mfululizo, kichwa chini. Ukishaona hivyo utamtambua tetere hata akiwa kivulini.

Darubini nzuri kwa uani ni ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42. Za 10x50 ni nzito, mkono unatetemeka, na nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu. Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita. Dume anadhani amevamiwa, anaacha kazi ya kiota na kuhangaika.

Nyuki wakizidi kwenye kiangazi, weka sahani ya pili ya mchanga uliolowa nyuma ya uwanja, uisogeze mbali kidogo kila siku. Watahamia huko, na vipepeo pia watakuja kunyonya unyevu wa mchanga huo.

Weka daftari. Andika tarehe, saa, umbo la mdomo, rangi ya mguu, alichofanya, kabla hujafungua simu, kwa sababu ukishaona picha kumi za wanaofanana naye utaanza kukumbuka kile ambacho hukukiona. Ukiwa na uhakika, ingiza kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege. Usipokuwa nao, weka picha iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, wenye ujuzi watakusaidia kumtambua.