Jinsi ya kudai benki irudishe pesa zilizolipwa kwa hundi yenye sahihi ya kughushi

Nchini Kenya, sheria inayosimamia hundi ni Sura ya 27 ya Sheria za Kenya (Bills of Exchange Act), na kifungu cha kushika ni cha 24: sahihi iliyoghushiwa, au iliyotiwa bila idhini ya mwenyewe, haina nguvu kabisa. Benki ikilipa hundi hiyo, imetoa pesa zake, si zenu.

Chukulia chama cha akina mama ambacho hundi zake hutiwa sahihi na mwenyekiti pamoja na mweka hazina. Mwenyekiti anasoma taarifa ya akaunti, anakuta hundi ya shilingi 180,000 asiyoijua.

Siku hiyo hiyo mwandikieni meneja wa tawi. Tajeni nambari ya akaunti na ya hundi, tarehe na kiasi, mseme wazi kwamba sahihi si ya mwenyekiti, na mwombe hundi zilizobaki zisimamishwe. Nendeni na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Simu haitoshi.

Huenda mweka hazina akaja analia, akikiri kwamba ndiye aliyeghushi, akiomba miezi michache alipe polepole. Ni mwenzenu, mmezikana na kuozeshana, najua ni vigumu. Lakini msiifiche benki. Katika kesi iliyoamuliwa Uingereza miaka ya 1930, mke alighushi sahihi ya mumewe kwenye hundi, kisha akamsihi asiseme. Mume alinyamaza kwa miezi. Mke alipofariki, mume akaishtaki benki. Alishindwa, kwa kuwa kimya chake kiliinyima benki nafasi ya kumdai mke akiwa hai. Kifungu cha 24 nacho kinamnyima dai aliyejifungia njia kwa mwenendo wake mwenyewe.

Kisha ombeni picha ya hundi, mbele na nyuma, na kwa maandishi mwombe hundi halisi ihifadhiwe. Linganisheni na fomu ya sahihi mliyojaza mkifungua akaunti. Anayeiga huchora badala ya kuandika: kalamu husita kwenye kona za herufi, wino ukatuama. Lakini ikiwa mwenyekiti alitia sahihi hundi tupu na kumwachia mwenzake ajaze, sahihi ni yake na njia hii haitawafaa.

Pigeni ripoti polisi, mpate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mwenyekiti anaweza kutakiwa kuandika sahihi yake mara nyingi mbele ya mpelelezi, ili mtaalamu wa maandishi ailinganishe. Mpeni pia sahihi za zamani, kwa mfano kwenye kumbukumbu za mikutano ya kabla ya mzozo.

Baada ya hapo iandikieni benki barua ya madai, mkitaja kifungu cha 24 na kuipa siku za kujibu. Ikikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima muwe na wakili. Fungueni kesi kabla ya miaka 6 kupita tangu hundi ilipolipwa. Mnapokwenda, bebeni barua ile yenye muhuri, picha ya hundi, taarifa ya akaunti na nambari ya OB.