Baiskeli ya changarawe kwenye njia tulivu za pwani, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, mtu wa lami toka zamani, aliniomba nimpangie safari yake ya kwanza kwenye njia za vumbi kando ya bahari. Baiskeli yake ni nzuri kuliko yangu, na pumzi anayo. Tatizo ni kwamba alidhani saa ya kuondoka anaichagua yeye. Pwani saa huchaguliwa na maji, halafu upepo nao hudai sehemu yake. Nilimwandikia maelezo kwenye simu, yakawa marefu, nikaona niyanyooshe yamfae na mwingine. Kuziba pancha na kuvaa kofia ngumu nachukulia unajua.

Hatua ya 1: Baiskeli

Tairi pana, giya nyepesi ya kupandia, breki zinazoshika. Basi. Baiskeli ya milimani nayo itakufikisha, kwa hiyo usikope hela kununua fremu ya kaboni. Kama hela unayo, iweke kwenye tairi. Milimita 40 ndiyo chini kabisa kwangu, na 45 hadi 50 ndizo nizipendazo, zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba pancha ndani. Miiba ya vichaka vya pwani haina adabu.

Hatua ya 2: Chora njia mwenyewe

Usiiachie programu ikuchagulie njia. Ukiipa mwanzo na mwisho tu, itakupitisha popote ilipoona mstari, uwe wa gari, wa ng'ombe au wa maji. Mimi huchora kipande kwa kipande, hata kama jioni nzima itaishia hapo.

Ramani ya OpenStreetMap hupanga njia za mashambani kwa madaraja matano. Grade1 ni ngumu, imeshindiliwa. Grade5 ni udongo mtupu, mchanga au majani. Mpaka grade3 sina wasiwasi. Zaidi ya hapo nafungua picha za setilaiti na kutafuta kitu kimoja: njia ikitanuka ghafla na kugawanyika mikondo mitatu minne, ujue wapitaji wanakwepa mchanga laini au tope. Ikibaki mistari miwili ya magurudumu na majani katikati, hapo pana raha, ardhi imeshikana na magari ni ya kuhesabu.

Weka alama kila mahali njia inapokata mto, hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) au kinamasi. Kisha pakua ramani uitumie bila mtandao. Mimi natumia programu ya OsmAnd na sijaona sababu ya kuhama.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Kuna njia niliyoipenda sana iliyovuka mdomo wa hori. Maji yakipwa unapita juu ya mchanga mgumu, baiskeli begani, maji chini ya magoti. Siku hiyo yalipwa kabisa saa tatu asubuhi, nami nikavuka saa nne. Nikayatazama, yalikuwa yamepanda kiasi cha shibiri hivi. Nikajiambia, kama saa nzima imeleta shibiri moja, muda ninao tele. Nikazunguka upande wa pili, nikajilaza kivulini, nikarudi saa sita. Pale nilipovukia palikuwa bahari.

Kosa langu ni kudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika kumi na kitu. Chukua tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa, uigawe mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza utaona sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu ikiisha ni mita 1.8. Saa ya kwanza ndiyo inayodanganya.

Maji hurudi kupwa baada ya kama saa 12 na dakika 25. Nilikaa upande ule hadi karibu saa mbili usiku, na taa sikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Nafika kivukoni saa moja au moja na nusu kabla ya kupwa, maji yakiwa bado yanatoka. Nikichelewa njiani, bado nina akiba. Kama lazima nirudi palepale, nahesabu kurudi kabla ya saa moja kupita tangu kupwa. Nikiona haitoshi, narudi kwa njia nyingine, hata iwe ndefu mara mbili.

Jedwali la jana halifai leo, kwa sababu maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Angalia pia kama limeandikwa kwa saa za hapo ulipo au za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Na kumbuka kwamba saa hizo ni za bandari iliyotajwa juu yake. Ndani ya hori refu maji huchelewa zaidi, na anayejua kiasi gani ni mvuvi wa hapo.

Bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, hutamanisha. Maji hupwa mbali, mchanga unakuwa uwanja. Lakini maji yaleyale hurudi kwa wingi na kwa kasi katika muda uleule. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo maji hupanda na kushuka kidogo tu, kivuko kinaweza kisikauke kabisa, hata jedwali liseme maji yamepwa. Upepo mkali wa kutoka baharini huyasukuma juu zaidi, na kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali moja, maji hupanda kwa kama sentimita moja.

Hesabu ya mafungu 12 ni ya pwani ambazo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ziko pwani, kama sehemu za Ghuba ya Meksiko, ambako hujaa mara moja tu.

Hatua ya 4: Upepo

Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, ndiyo maana siku za jua upepo wa baharini huanza kuamka kabla ya adhuhuri na kushika nguvu alasiri. Basi alfajiri elekea baharini kukiwa kumetulia, mchana ugeukie bara usukumwe mgongoni. Upepo wa msimu ukiwa na nguvu huvuruga mpango huu, soma utabiri.

Hatua ya 5: Upepo, safari hii wa tairi

Nina kilo 74. Kwenye tairi zangu za milimita 45 naweka psi 27 mbele na 30 nyuma (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu). Nikifika mchanga mrefu naushusha hadi 20 hivi. Ukitumia tyubu usishuke kiasi hicho, rimu itaing'ata ukakuta matobo mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka. Vichupa vya gesi vya kujazia tairi sivitaki: ukishusha upepo mchangani unahitaji kuujaza tena changarawe ikirudi, na kichupa kikiisha kimeisha. Beba pampu ya mkono.

Hatua ya 6: Mchangani

Weka giya nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma kidogo, usikate kona, tazama mbali. Karibu na maji fuata mchanga wenye rangi ya giza. Ule mweupe mkavu juu ya mstari wa mwani humeza gurudumu. Usipite juu ya vilima vya mchanga vyenye majani, mizizi yake ndiyo inayovishikilia.

Hatua ya 7: Kuosha

Siku hiyohiyo, kabla hujala. Chumvi hailali. Maji baridi, ndoo na sponji, au mpira wa bustani wenye maji ya taratibu. Mashine ya kuoshea magari iogope, hupenyeza maji na mchanga ndani ya beringi. Baada ya usiku ule wa hori nilipuuza haya kwa siku tatu, na beringi za pedali zikaanza kusaga kama mtu anatafuna kokoto. Kila baada ya safari chache chomoa nguzo ya kiti uifute, kwa sababu chumvi huigandisha ndani ya fremu na siku ukiihitaji haitatoka. Mnyororo ukikauka, tone moja la mafuta kwa kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mafuta ya nje ni gundi ya mchanga.