Una leseni ya lori na hutaki kuhama Tanga? Anzia hapa

Kijana wa dada yangu alimaliza mafunzo ya udereva wa malori, akaja kwangu Makorora jioni moja na cheti kwenye bahasha. Baada ya shikamoo hakuzunguka. "Mjomba, nianzie wapi? Kila mtu ananiambia niende Dar. Mama nitamwacha na nani?" Mama yake ana sukari, na sindano ya jioni anachomwa na kijana huyu, maana macho yake siku hizi hayaoni vizuri alama za bomba. Tulikaa barazani mpaka saa nne usiku. Niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye usukani wa lori, na usiku niliolala nje ya nyumba yangu kwa sababu ya kazi ni wa kuhesabika.

Kabla ya kutoka nyumbani, itazame leseni yako. Wapo wanaotoka chuo na daraja D wakiamini limewafungulia kila gari. D haina lori zito ndani yake. Lori zito ni E. Siku utakayopata ajali na Fuso la tani 10 huku mfukoni una D, bima itakuwa na sababu ya kukukana, na tajiri mwenye gari atasema hakujua. Kama E bado hujaipata, sema ukweli, katafute pikapu ya kusambaza soda au mikate mjini huku ukijiandaa.

Sasa kazi. Vijana wengi huniuliza ni kampuni gani inaajiri. Swali hilo litakufikisha getini, kwenye daftari la mlinzi, basi. Wewe uliza hivi: hapa kwetu ni mzigo gani unaotoka asubuhi na gari likarudi jioni? Ukiujua mzigo utayajua magari yanayoubeba, ukiyajua magari utawajua madereva wake, na dereva ndiye atakayekupa kazi ya kwanza kabla tajiri hajalijua jina lako.

Mizigo ya namna hiyo Tanga ipo. Nenda Pongwe na Maweni. Chini ya ardhi ile ni mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kipo pale, na ndiyo maana kuna machimbo ya kokoto. Tipa la kokoto linapiga tripu tatu au nne kwa siku na kulala Tanga. Saruji inakwenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Muheza, Korogwe, Pangani. Unashusha, unakula, unarudi. Kwa anayeanza mimi huchagua hiyo miwili. Mkonge nao unatoka mashambani kwa mabelo, yaani marobota, ni mzigo mtulivu ukishafungwa vizuri, ila njia za ndani ya mashamba wakati wa masika zinateleza kuliko unavyodhani, na lori likiacha njia huko utalala nalo.

Machungwa ya Muheza msimu wake mkubwa ni katikati ya mwaka, na ukishika kasi matajiri wanatafuta madereva mpaka kwenye vibanda vya chai. Tamaa itakushika. Lakini machungwa yanakimbilia Dar na Kenya, yanataka kuwahi soko, kwa hiyo utaendesha usiku, umechoka, kwenye barabara yenye mabasi ya kasi. Usianzie hapo. Horohoro vilevile: ni karibu kwa kilomita, ila foleni ya nyaraka mpakani inaweza kukulaza.

Bandari ina mambo yake. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa kwa matishari. Baada ya bandari kuchimbwa na gati kuboreshwa, kina kimefika mita 13 na meli inafunga gatini. Kwako maana yake ni hii: meli ya shehena kichele, mzigo usio kwenye makontena wala mifuko, ikifunga, malori yanatakiwa mengi kwa mpigo, usiku na mchana, na ikifika siku ya pili madereva wa kudumu wamechoka. Hapo ndipo wanapotafutwa watu wa kushika zamu. Kwa hiyo jenga urafiki na mtu mmoja anayejua meli inaingia lini. Karani, mlinzi, kuli, mama anayeuza chai, yeyote.

Ukishauchagua mzigo, fika unapopakiwa saa kumi na moja alfajiri. Acha bahasha nyumbani. Nenda na glovu, kitambaa, na viatu vinavyofunika vidole. Salimia kila mtu, anza na wakubwa. Tafuta dereva mtu mzima ambaye gari lake ni safi, maana gari chafu lina dereva aliyekata tamaa na hatakufundisha kitu. Mwambie: "Kaka, nina E, nimetoka chuo, naomba nitembee na wewe kama utingo."

Hapa vijana hukunja uso. Nina leseni, kwa nini niwe utingo? Mimi nilikuwa utingo miezi saba nikiwa na leseni mfukoni, na naiheshimu miezi ile kuliko cheti changu. Lori nililojifunzia lilikuwa tupu. Lori lenye mzigo halisimami pale unapotaka lisimame, na kona uliyoizoea kwa miguu inakuwa kona nyingine kabisa.

Chukua saruji, uone ninachosema. Mfuko mmoja ni kilo 50, mifuko 20 ni tani moja, kwa hiyo Fuso la tani 10 linabeba mifuko 200. Makuli wanapakia haraka, karani anahesabu, na wewe uhesabu kwa mdomo wako, mstari kwa mstari, usimwachie mtu. Ukifika Korogwe mfuko mmoja ukapungua, dereva ndiye atakatwa. Halafu tazama ilivyopangwa. Makuli wakiachiwa watarundika nyuma, karibu na mlango, ili waondoke. Jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakamatwa kwenye mizani, kwa sababu mizani inapima kila ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu, peke yake: ekseli moja ya tairi pacha isizidi tani 10, ya mbele ya usukani isizidi 8. Utingo anayewaambia makuli kwa adabu "wakubwa, tusogeze mbele mistari miwili" ameshaanza kuwa dereva, na dereva wake analiona hilo.

Turubai nalo. Jifunze kulifunga peke yako, upepo ukivuma kutoka baharini, bila kuacha pembe inayopiga. Saruji ikilowana haina bei.

Ukishajulikana kwa wiki kadhaa, mlango wa deiwaka, kushika gari la mwenzako kwa siku moja, unafunguka. Dereva anafiwa, anauguliwa, meli imefunga na amekesha; atampigia tajiri amwambie, "Bosi, nina kijana hapa ananitosha." Neno hilo moja lina uzito kuliko barua 10 za maombi. Deiwaka yangu ya kwanza ilikuwa tripu mbili za kokoto kutoka Pongwe mpaka Sahare, na niliirudisha tipa ikiwa imeoshwa. Aliyekuwa na gari hakuniambia kitu siku ile. Wiki iliyofuata alinipigia mwenyewe.

Tajiri akitaka kukujaribu, usimwonyeshe mbio. Lori halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata barabara ikiwa nyeupe, na kwenye makazi ni 50. Yeye anatazama vitu vingine. Kabla ya kupanda, lizunguke gari. Gonga tairi kwa spana usikilize: lenye upepo linajibu kwa mlio mkavu, lililopungua linajibu kama gunia. Chungulia chini kama kuna mafuta mabichi. Fungua koki ya tangi la upepo maji yatoke. Washa, subiri mshale wa upepo upande, zima, kanyaga breki ushikilie, usikilize kama kuna mahali panapopumua. Ndiyo kwanza uondoke. Mzee mmoja alinijaribu hivyo hivyo: akaniambia nirudi nyuma katikati ya marundo mawili ya mabelo, na akanitazama kama nitaona haya kusimama, kushuka, kwenda kuangalia nyuma kwa macho yangu. Nilishuka mara tatu. Baadaye akaniambia aliyetangulia hakushuka hata mara moja na aligusa ukuta.

Karatasi zako ziwe tayari kwenye mfuko wa plastiki: nakala ya leseni, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na majina ya wadhamini wawili wenye makazi ya kujulikana. Matajiri wa Tanga wanapenda kujua nyumba yenu iko barabara ya ngapi. Kuwa mtu wa hapahapa ni faida yako, itumie.

Leseni halisi usimwachie mtu. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Tajiri wangu wa kwanza aliichukua leseni "ikae salama ofisini", na tulipokosana alikuwa na leseni yangu pamoja na mishahara yangu ya miezi miwili. Leseni niliipata baada ya kuwapeleka wazee wawili wa mtaa. Fedha sikuzipata. Sikuwa na mkataba wa maandishi, na sikujua kwamba madai kama yale yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukiachishwa kazi kwa uonevu una siku 30 tu. Nilipokuja kujua, muda ulikuwa umepita. Watoto wangu walikula kwa mkopo dukani kipindi kile, na mpaka leo nikipita pale huwa nasimama kumsalimu mwenye duka.

Kwa hiyo omba mkataba. Hata ukurasa mmoja: mshahara au malipo ya tripu, posho, siku ya kulipwa, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Madereva waligoma nchi nzima mwaka 2015, na mikataba ilikuwa moja ya madai yao makubwa. Unapoomba karatasi hiyo huleti ujeuri, unaomba kitu ambacho waliokutangulia walisimamisha magari kwa ajili yake. Deiwaka ya siku moja haina mkataba, najua. Lakini mwezi wa kwanza ukiisha na bado unaendesha gari lilelile, zungumza.

Na uliza mapema nani analipa faini. Trafiki akikuandikia shilingi 30,000 kwa sababu taa ya nyuma imekufa au bima imeisha muda, hilo ni la tajiri. Ukipita kasi, ni lako. Likisemwa kabla, hakuna ugomvi. Taa mbovu iandike kwenye ujumbe wa simu umtumie tajiri kabla hujatoka yadi, ili tarehe na saa vibaki.

Mpwa wangu sasa yuko kwenye Fuso la saruji, utingo, wiki ya tatu. Juzi walishusha Muheza, dereva wake akampa usukani gari tupu kutoka pale mpaka Pongwe. Alinipigia saa kumi na mbili jioni. Nilisikia maji yakimwagika. Alikuwa ananawa mikono amchome mama yake sindano.