Kuongeza bunduki ya kale ukiwa Marekani: niliyomjibu mjomba pale Kirumba

Naishi Marekani na nakusanya bunduki za kale. Likizo iliyopita nilikuwa Mwanza. Tumekaa Kirumba, sato wa kukaanga yuko mezani, mjomba kaja toka Magu. Akachukua simu yangu, akawa anapitisha picha za bunduki zangu moja moja bila kusema neno. Mwisho akauliza: "Sasa mjomba, hii ina tofauti gani na hii? Na zote zina tofauti gani na gobore la babu yako?"

Tulicheka, ila tangu siku hiyo swali lake ndilo ninalomuuliza kila anayenipigia kutaka ushauri. Hiyo unayoitaka inaongeza nini kwenye ulizonazo? Kama jibu ni "nimeikuta bei poa", iache hapo hapo mezani.

Kabla ya bunduki, karatasi. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi ananunua dukani kwa kujaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya mnunuzi wa bunduki, lakini usithubutu kuijaza kwa niaba ya mshikaji ambaye hana sifa. Kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani hata kama umekaa huko miaka ishirini. Jimbo lako nalo lina sheria zake, zisome.

Kwa mkusanyaji kuna leseni maalumu ya bunduki za kale, zile zilizotimiza miaka 50. Ada yake ni dola 30 kwa miaka 3, na unaweza kununua kwa muuzaji wa jimbo jingine ikaletwa hadi kwako.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Mimi nafuata ziwa letu. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walichukua Ukerewe mwezi Juni, Mwanza ikafuata Julai, Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini. Vita ile ina bunduki zake. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na Mauser ya 1871, inayotumia baruti nyeusi: ukifyatua risasi moja, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha. Ni kipande kizuri sana cha historia, ila risasi zake ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo inunue ukijua ni ya kutazama. Ukitaka ya kupeleka uwanja wa shabaha, chukua Mauser 98 ya Mjerumani, au Lee-Enfield ya Mwingereza yenye magazini ya risasi kumi. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na Lee-Enfield. Itazame kwenye bangili ya chuma nyuma ya komeo (kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi), pale kitako kinapoanzia: utakuta taji, jina la kiwanda na mwaka. Kuiona "1916" imegongwa pale, ukakumbuka ni mwaka gani huo kwa Mwanza, ni raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Ukiishika, toa komeo kwanza, mulika tochi ndani ya mtutu. Unataka mifereji inayozungusha risasi iwe na kingo kali, siyo mashimo ya kutu. Linganisha namba ya komeo na ya mwili wa bunduki. Mimi niliwahi kuchukua Mosin-Nagant, bunduki ya Mrusi, kwenye maonyesho, muuzaji kaniapia namba zote ni zake. Fundi akaipaka mafuta, akaiweka chini ya taa: namba ya zamani ya komeo ilikuwa imesuguliwa kwa tupa, mpya ikagongwa juu yake. Akapima na nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi, ikawa imezidi kipimo. Hiyo inaweza kupasua ganda la risasi karibu na uso wako. Mpe fundi aipime kabla hujapiga hata moja. Mbao iliyokatwa ili bunduki ifanane na ya kuwindia nayo inashusha thamani, na hairudi.

Risasi za akiba ya zamani za jeshi mara nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu. Siku hiyo hiyo pitisha maji ya moto, kausha, paka mafuta. Ukilala, asubuhi unakuta kutu. Na kama nyumbani kuna watoto, kasha la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya bunduki.

Mjomba aliuliza pia nitaileta lini. Nikamwambia haiji. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali, kuiingiza Tanzania kibali kingine chini ya sheria ya silaha ya 2015, na ole wako uifiche kwenye kontena katikati ya magodoro na friji. Akanyamaza kidogo, akavuta sahani ya sato kwake. "Basi niprintie hiyo picha yenye taji. Kubwa."