Roboti ikisimama, mkanda nao usimame

Mwongozo huu ni kwa fundi wa kiwandani hapa Mwanza, iwe Nyakato au Igoma, anayekabidhiwa roboti ya kupanga maboksi ya minofu ya sangara kwenye paleti. Roboti huja na breki zake na kitufe chake chekundu cha dharura. Mkanda wa kuletea maboksi, gripa (kishikio kilicho mwishoni mwa mkono wa roboti) na mashine ya kuzungushia nailoni tunaviunganisha wenyewe, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Hatua ya 1. Zunguka eneo lote uandike kila kinachosogea na kinachokisukuma: umeme, upepo wa kompresa, au uzito ulioinuliwa.

Hatua ya 2. Kitufe chochote cha dharura kisimamishe vyote. Tumia rilei ya usalama (swichi ya umeme inayokata mtambo) yenye njia mbili za waya, ili moja ikifa nyingine ifanye kazi. Usitegemee programu ya kawaida ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, kwa jambo hili. Kisha zima umeme, chomoa waya wa njia moja, washa tena. Mtambo ukikubali kuanza, kazi yako bado haijaisha.

Hatua ya 3. Gripa ndiyo ipewe muda mrefu kuliko vyote. Umeme ukikatika boksi likiwa hewani, gripa inatakiwa iendelee kushika. Vali inayojirudisha kwa springi inaweza kuifungua papo hapo, na boksi likaruka nje ya uzio. Weka vali inayobaki ilipo umeme ukipotea, na vali ya kuzuia upepo kurudi karibu kabisa na silinda. Jaribu watu wakiwa mbali: inua boksi, kata umeme, tazama. Rudia kwa kufunga upepo.

Hatua ya 4. Mlango wa uzio ukifunguliwa, roboti na mkanda visimame pamoja.

Hatua ya 5. Kabla ya kuingia kutengeneza, funga swichi kuu kwa kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako, toa upepo hadi geji isome sifuri. Mkiwa watatu, kufuli tatu.

Lakini kazi ya kufundisha roboti, yaani kuionyesha mahali pa kupita, inahitaji umeme. Hapo kiwango cha kimataifa cha usalama wa roboti za viwandani, ISO 10218, kinataka kasi isizidi milimita 250 kwa sekunde, na kitufe cha kushikilia kinachosimamisha roboti ukikiachia au ukikibana kwa nguvu. Kumbuka, kasi hiyo ni ya roboti tu. Mkanda usipozimwa kivyake, utakwenda kwa mwendo wake wa kila siku.

Hatua ya 6. Umeme ukirudi, chochote kisianze chenyewe. Kitufe cha kuwashia upya kiwe nje ya uzio, mahali ambapo anayebonyeza anaona ndani kote.