Mizoga Ufuoni: Namna ya Kufuatilia Vifo vya Wanyamapori Malindi

Mzoga mmoja wa kasa ufuoni hausemi mengi. Ukikuta minne ndani ya juma moja, yote ya kasa wadogo, yote kati ya Mayungu na Watamu, yote ina alama za uzi shingoni na kwenye mapezi ya mbele, hapo una habari inayoweza kumfikisha mtu hadi kwenye nyavu zenyewe. Kufuatilia vifo vya wanyamapori ni kukusanya mambo madogo yaliyoandikwa vizuri mpaka mwelekeo wake uonekane. Kutaja ugonjwa ni kazi ya maabara. Kazi yako ni kuhakikisha ushahidi unaifikia kabla ya jua, mbwa na kunguru kuumaliza.

Shika kipande kimoja cha ufuo

Usijaribu kulinda mwambao mzima. Chagua kilomita mbili hadi nne zenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kwa mfano kutoka mdomo wa mto Sabaki kuja mjini, au kutoka Casuarina kwenda kusini. Zitembee siku ileile kila wiki, alfajiri, maji ya usiku yakishaanza kupwa. Mizoga huachwa kwenye ule mstari wa majani na takataka uliowekwa na maji makuu, kwa hiyo tembea juu ya mstari huo. Mkiwa wawili, mmoja ashike mstari na mwingine apite juu zaidi, kwenye mivinje na vichaka, kwa kuwa ndege wagonjwa hujificha humo kabla ya kufa. Ukichelewa hadi saa nne asubuhi, kunguru na mbwa wameshachukua ndege wadogo, na utadhani ufuo ni salama.

Kwenye daftari andika kwanza mambo ya siku: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, umbali, idadi ya watembeaji, upepo, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), na rangi ya maji. Kisha mizoga. Siku usiyokuta kitu andika sifuri, pamoja na saa na umbali uleule. Watu wengi huruka hapa, na ndipo kumbukumbu zao zinapokosa thamani. Bila siku za sifuri huwezi kujua kama mizoga sita ni balaa au ni kawaida ya msimu. Ukiwa nazo, unagawanya tu: mizoga sita katika kilomita kumi na mbili ni nusu mzoga kwa kilomita, na namba hiyo unailinganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita.

Kila mzoga uliokwisha kuurekodi utie alama: kamba ya nailoni ya rangi kali kwenye pezi la mbele, au rangi ya kupuliza kwenye gamba. Maji ya bamvua huuokota mzoga wa zamani na kuutupa mbele kidogo, na bila alama kasa mmoja atahesabiwa mara tatu. Kabla ya kutia alama, kagua mapezi ya mbele uone kama tayari yana kibati cha chuma chenye namba. Kikiwapo, nakili herufi na tarakimu zote na ukipige picha. Usiking'oe.

Vifaa

Glavu za mpira jozi kadhaa, barakoa ya N95, buti zinazooshwa, mita laini ya fundi cherehani, penseli, daftari, mifuko imara ya plastiki ya saizi mbili, chupa ya maji yenye jiki, na simu. Penseli ina sababu yake: wino wa kalamu huyeyuka ndani ya barafu na majimaji ya mzoga, lebo ikafika maabara tupu.

Kwenye simu washa huduma ya mahali (location) kabla ya kupiga picha. Malindi iko takriban -3.2, 40.1. Ile alama ya kutoa mbele ya 3 ikisahaulika, kasa wako anaonekana amefia Mandera. Jambo jingine: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za mahali zilizokuwa ndani yake. Itume kama hati, au andika namba za mahali chini yake.

Kumsoma kasa

Piga picha ya mzima kutoka juu, ubavu, kichwa kwa karibu, tumbo, na kila jeraha likiwa na kipimo pembeni. Pima urefu wa gamba la juu kwa mita laini ukifuata mgongo wake, kuanzia katikati ya ukingo ulio nyuma ya shingo hadi ncha ya nyuma iliyo ndefu zaidi. Kama gamba limevunjika au limefunikwa na vikombe vya bahari (vijidudu vyenye magamba magumu vinavyojibandika), andika hivyo kando ya namba.

Kumtambua, hesabu vipande vikubwa vya gamba kila upande wa mstari wa mgongo. Kasa wa kijani ana vinne na jozi moja tu ya magamba kati ya macho. Ng'amba naye ana vinne, lakini kati ya macho ana jozi mbili, mdomo wake umechongoka, na vipande vya gamba hupandana kama vigae. Ukihesabu vitano au zaidi, piga picha nyingi na uwaachie wataalamu waamue. Asiye na vipande kabisa, mwenye mgongo wa ngozi wenye matuta marefu, ni kasa ngozi.

Halafu hali ya mzoga, kwa namba: 1 yu hai lakini mahututi, 2 amekufa karibuni, macho bado yana uhai wa rangi na hakuna harufu, 3 amevimba lakini ngozi ni nzima, 4 ameoza na ngozi inabanduka, 5 ni gamba na mifupa mikavu. Namba hii ndiyo inayoamua kama daktari atafunga safari. Namba 2 ni dhahabu na hupotea kwa saa chache za jua la Malindi, hivyo ukimkuta mfunike kwa majani mabichi au gunia lililoloweshwa, uite watu mara moja.

Mwili wenyewe una mengi ya kusema. Kasa mnene, asiye na jeraha, mwenye mikwaruzo ya uzi kwenye mapezi, huenda alizama ndani ya wavu. Mikato mirefu iliyopangana sambamba mgongoni ni ya panga za injini ya boti, ingawa boti linaweza kumpiga akiwa ameshakufa. Gamba la tumbo lililobonyea ndani, macho yaliyozama na vikombe vya bahari mwili mzima ni dalili za aliyeugua au kukosa chakula kwa muda mrefu. Gamba tupu lililokatwa kwa kisu ni ujangili. Uvimbe wenye sura ya koliflawa machoni, shingoni au kwenye makwapa ni ugonjwa wa uvimbe unaohusishwa na virusi vya jamii ya hepesi, nao huwapata zaidi kasa wa kijani. Hesabu uvimbe, pima ulio mkubwa kuliko wote, na usimguse kasa mwingine kwa glavu zilezile. Andika ulichokiona. «Mikwaruzo ya uzi mapezi yote mawili» ni ushahidi. «Ameuawa na wavuvi» ni hukumu, tena inaweza kuwafunga midomo wavuvi ambao kesho ungewahitaji wakupigie simu.

Nyama ya kasa aliyekutwa amekufa isiliwe kamwe, na hata wa kuvuliwa asiliwe. Kisiwani Pemba watu saba walikufa mwaka 2021 baada ya kula kasa, na mwaka 2024 wakafa tena tisa, wanane wakiwa watoto. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Samaki wengi kwa pamoja

Kwa samaki saa ndiyo kila kitu. Uliza walioamka mapema: walionekana wakihema juu ya maji kabla ya jua? Wakubwa ndio waliotangulia kufa? Hiyo huelekeza kwenye upungufu wa hewa ndani ya maji, hasa kwenye vidimbwi, mikoko na mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni. Samaki wa aina na ukubwa wote waliokufa kwenye kidimbwi kimoja cha mwambani, huku jirani kuna uzima, chunguza kama mtu alitia utupa (mmea wa sumu ya samaki) au dawa nyingine. Mafuriko ya Sabaki nayo huleta tope na maji ya mto yasiyo na chumvi ghafla hadi ghuba ya mjini, kwa hiyo andika kama mvua ilinyesha bara siku zilizotangulia.

Msimu wa kaskazi una hatari yake. Mkondo wa Somalia hugeuka kushuka kusini na kukutana na mkondo wa pwani yetu upande wa kaskazini, maji yenye rutuba hupanda, na vijimea vya bahari huchanua. Vingine vina sumu. Mwanzoni mwa 2002 samaki wengi walikufa upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, katika hali ya namna hiyo. Maji yakibadilika kuwa mekundu, ya kahawia au kijani kizito, jaza chupa mbili safi za lita moja kutoka juu ya maji. Moja itie mmumunyo wa iodini uitwao Lugol, mililita tano hadi kumi, mpaka rangi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Nyingine iache bila dawa, uiweke kivulini penye ubaridi, usiigandishe, kwa kuwa kuganda huvipasua vijimea visitambulike.

Samaki wa sampuli wawe wale wanaokufa mbele ya macho yako, watano hadi kumi wa kila aina, juu ya barafu. Waliokwisha kuvimba hawana msaada, maana mashavu wanayopumulia huoza mapema kuliko kiungo kingine chochote.

Ndege

Mdomo wa Sabaki, hori ya Mida na mashamba ya chumvi hupokea vitwitwi, membe na heroe kwa maelfu, na wengi huja kutoka ng'ambo kati ya Septemba na Aprili. Mafua ya ndege yanajulikana kwa membe tangu 1961, yalipowaua Afrika Kusini, na mwaka 2018 aina ya H5N8 ikaua membe na pengwini hukohuko. Basi ndege watano au zaidi wa jamii moja ndani ya siku chache, au ndege anayezungusha kichwa na kushindwa kusimama, ripoti siku hiyohiyo na uwaweke kuku na watoto mbali.

Shingo iliyolegea kabisa huelekeza kwenye sumu ya botulizimu, hasa penye maji yaliyotuama na mizoga yenye funza. Kucha zilizokunjwa kwa nguvu, ndege wa aina tofauti waliokufia karibu na chakula kimoja, na nzi waliokufa juu ya chambo, ni dalili za dawa ya wadudu kama karbofurani. Hapo usiguse chochote, hata kwa glavu. Ni eneo la uhalifu.

Ndege wa sampuli huchukuliwa na afisa, au na wewe baada ya kuelekezwa naye. Vaa mfuko mkononi, mshike, ugeuze mfuko nje ndani, ufunge, kisha utie wa pili. Lebo ya penseli ikae kati ya mifuko miwili. Mweke kwenye barafu akifika maabara ndani ya siku mbili. Zaidi ya hapo agandishwe. Kama ni sumu inayoshukiwa, agandishwe mapema, na vilivyomo tumboni vifungwe kwa foili ya jikoni badala ya plastiki.

Wanyama wa bara

Nyati, kiboko au twiga aliyekufa ghafla, tumbo limevimba haraka, mwili haukukakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, mchukulie kuwa ana kimeta. Usimpasue. Ndani ya mzoga uliofungika bakteria hufa kwa kuoza, lakini wakipata hewa hutengeneza mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Mfunike kwa matawi au turubai tai wasimfungue. Waliozoea kumwaga chokaa kaburini waache: Shirika la Afya Duniani halishauri, kwa kuwa inaweza kuzisaidia mbegu hizo kudumu. Kuteketeza kwa moto ni bora zaidi, na kama haiwezekani, shimo lenye kina cha mita mbili, mbali na maji. Kiangazi kikali, ziwa kama lile la Mpeketoni likipungua na viboko kubanana topeni, weka macho zaidi. Huko Bwabwata, Namibia, zaidi ya viboko 100 walikufa kwa kimeta mwaka 2017. Mvua nyingi baada ya ukame, ikifuatiwa na mbuzi kuharibu mimba kwa wingi, ni dalili ya homa ya Bonde la Ufa. Hapo daktari wa mifugo wa kaunti apigiwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nani aambiwe

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwanza, kwa kila mnyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki sehemu yoyote ya mnyamapori bila kibali, hivyo gamba la kasa mlangoni kwako linaweza kukupeleka mahakamani hata kama nia yako ilikuwa kusaidia. Kwa samaki, BMU (kamati ya wavuvi ya usimamizi wa ufuo) na afisa wa uvuvi. Kwa kasa aliye hai upande wa Watamu, Local Ocean Conservation wana kituo cha kuwatibu. Weka namba zao kwenye simu leo, na uzipige kuhakikisha zinapokelewa.

Sampuli ikiondoka, andika nani ameichukua, saa ngapi, na namba ya maabara. Baada ya wiki mbili uliza. Jibu likiwa «chanzo hakikupatikana», liandike mbele ya tukio lilelile kama ungeandika jina la ugonjwa, pamoja na hali ya mzoga ulipoukuta.